Kukonda kwa Pupa, Kukonda kwa Subra: Historia Yatufunza Nini?



Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwaka mwezi mtukufu ukikaribia utasikia watu wakiombeana heri waifikie Ramadhani na afya zao. Lakini sisi vijana tuna maneno mengine tunayonong'onezana pembeni: "Ramadhani hii lazima nikonde. Kilo kumi! Idd inikute mtu mwengine kabisa."

Mwaka jana mwenzangu mmoja wa hosteli aliuingia mwezi na nia hiyo. Daku alikuwa haamki. Futari yake ilikuwa tende moja na kikombe cha chai ya kukondesha aliyouziwa mtaani. Sisi wenzake tulimwona mcha Mungu, mtu aliyeipa dunia mgongo. Wengine tulimwonea wivu, mimi nikiwamo. Usiku wa kumi na mbili akaanguka katika tarawehe, rakaa ya sita. Tulimkuta mikono imekuwa baridi na moyo wampiga mbio. Daktari alipomuuliza alichokuwa akila na kunywa ndipo sote tukaujua ukweli. Alilazimika kula siku saba, akabaki na deni la kadha. Na zile kilo nne alizokuwa amepunguza zilirudi zote kabla ya Mfungo Mosi kwisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: haya mambo ya dayati za haraka yalianza wapi? Nilipoanza kusoma nikakuta ni historia ndefu, na inajirudia kama kanda ya kaseti. Hebu tufuatane.

WALIOTUTANGULIA WALISEMAJE?

Tuanze nyumbani. Allah (S.W.T.) katika Surat al-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha tule na tunywe lakini tusifanye israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib (R.A.), iliyomo katika Tirmidhi na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chombo kibaya zaidi mtu anachokijaza kuliko tumbo lake. Vitonge vichache vya kuusimamisha mgongo vyamtosha. Na kama hapana budi azidishe, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Hapo hukuambiwa uache wali wala uishi kwa maji ya ndimu. Umepewa kipimo, na kipimo hicho ni cha maisha yote, si cha wiki mbili.

Maulamaa na madaktari wa zama za Kiislamu waliufanya unene kuwa jambo la tiba. Mwaka 958 huko Hispania, Sancho, mfalme wa León, aliondolewa kitini. Alikuwa mnene kiasi ambacho wakubwa wake walimwona hafai kuongoza. Bibi yake, Toda wa Navarra, akampeleka Cordoba kwa Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu, akatibiwa na daktari wa Khalifa, Myahudi aitwaye Hasdai bin Shaprut. Alipopungua alirudi kwao, na jeshi la Khalifa likamsaidia kukipata tena kiti chake. Mfalme wa Kikristo, daktari wa Kiyahudi, dola ya Kiislamu! Lakini mimi nililoliona zaidi ni hili: mgonjwa alikwenda kwa daktari, hakwenda sokoni.

Miaka michache baadaye akaja Ibn Sina (980–1037). Katika kitabu chake al-Qanun fi at-Tibb alieleza madhara ya unene uliopita kiasi, kisha akapendekeza vyakula vinavyojaza tumbo lakini vyenye lishe ndogo, pamoja na mazoezi ya nguvu. Kwa lugha ya leo tungesema mboga kwa wingi na kutoka jasho. Na huko Baghdad, tabibu Ibn Butlan aliandika Taqwim as-Sihha, kitabu cha majedwali ya afya. Ndani yake afya imesimama juu ya mambo sita: hewa, kula na kunywa, harakati na mapumziko, usingizi na kukesha, yanayoingia mwilini na yanayotoka, na hali za moyo kama furaha na hasira. Chakula ni kimoja tu katika sita. Sasa tazama yaliyokuja baadaye, watu walivyoyasahau matano wakabaki kushughulika na hilo moja.

MZISHI WA LONDON

Ukitaka kujua dayati ya kisasa ilianza na nani, wengi watakutajia William Banting wa London. Kazi yake ilikuwa majeneza na kusimamia mazishi, na ukoo wake uliwazika hata wafalme wa Uingereza. Mwaka 1862, akiwa na miaka 66, urefu wake ulikuwa kama sentimita 165 na uzito kama kilo 92. Alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi akizishuka kinyumenyume. Alijaribu kupiga makasia, akaona anazidi kuwa na njaa. Akajaribu kupanda farasi, kuoga baharini na hamamu za mvuke. Wapi!

Masikio yalipoanza kumsumbua alikwenda kwa daktari William Harvey. Daktari akamwambia apunguze mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Banting akafuata, na mwaka 1863 akachapisha kijitabu kwa gharama yake kuwaeleza watu mambo yaliyomfaa. Kijitabu kikaenea mno, hata jina lake likageuka kuwa kitenzi. Mpaka leo Waswidi wakitaka kusema mtu anapunguza mwili husema "banta".

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Banting alipunguza kama kilo 21, na zilimchukua kama mwaka mzima. Ukigawa utakuta hata nusu kilo kwa wiki haifiki. Mzee yule alikwenda polepole! Lakini watu walichukua nini kutoka kwake? Walichukua orodha ya vyakula, wakaiacha subra. (Na orodha yenyewe ilikuwa na mvinyo ndani yake, kwa hiyo sisi haituhusu.)

Shika neno hilo, msomaji, maana ndilo kiini cha makala haya: watu huchukua orodha, wakaiacha subra.

KILA KIZAZI NA DAWA YAKE

Baada ya Banting mlango ukafunguka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Horace Fletcher aliwafundisha watu watafune kila tonge mpaka liwe maji na lijimeze lenyewe; kitakachobaki kigumu kitemwe. Watu wazima wakawa wanakaa mezani wakitafuna kama ng'ombe wanaocheua.

Mwaka 1928 sigara za Lucky Strike zilitangazwa Marekani kwa kuwaambia watu, hasa wanawake, kwamba hamu ya kitu kitamu ikija washike sigara badala yake. Yaani kimbia unene, kumbatia saratani ya mapafu.

Kisha ikaja dawa ya kutisha zaidi, dinitrofenoli. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kemikali hiyo ilitumika Ufaransa katika viwanda vya baruti, na wafanyakazi walioishika walikonda, wakatokwa jasho, wengine wakafa. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakatangaza kwamba inaharakisha mwili kuunguza chakula. Kufikia mwaka uliofuata Wamarekani kama 100,000 walikuwa wameitumia. Ni kweli walikonda. Lakini wapo waliopata mtoto wa jicho wangali vijana, na wapo ambao joto la mwili lilipanda lisishuke mpaka wakafa. Sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyoifungia njia Marekani. Hata hivyo bado inauzwa kwa siri, na bado inaua.

Mwaka 1976 Dkt. Robert Linn wa Marekani akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kuacha chakula na kuishi kwa kinywaji cha protini. Protini yenyewe ilitolewa katika ngozi na kano za wanyama. Mwaka 1977 habari za vifo zikaanza kuwafikia wakuu wa afya, na hesabu ikapita watu 50. Mioyo ilipoteza mpigo.

Miaka ya 1990 ikawa zamu ya vidonge vilivyochanganya fenfluramini na fentamini. Julai 1997 madaktari wa Mayo Clinic wakaeleza habari za wanawake 24 waliovitumia, ambao vali za mioyo yao zilikuwa zimeharibika. Septemba ya mwaka huo fenfluramini ikaondolewa madukani. Kisha efedra: Februari 2003 mchezaji wa besiboli Steve Bechler, kijana wa miaka 23, alianguka mazoezini akitumia vidonge vyenye efedra, akafa. Mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku vidonge vya aina hiyo.

Umeona mtindo, ndugu yangu? Kwanza ahadi ya haraka, kisha sifa, kisha picha za waliokonda, mwisho jeneza au mahakama. Halafu kinakuja kizazi kingine na jina jipya.

KWANI MWILI UNAFANYA NINI?

Utaniuliza, "Mbona wiki ya kwanza watu hukonda kweli?" Swali zuri. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na kama gramu tatu za maji. Ukiacha kula ghafla akiba hutumika na maji yake hutoka. Mizani inashuka kilo mbili, unashangilia, kumbe umekojoa tu. Mafuta yako bado yamekaa palepale. Ukila kawaida siku mbili, maji yanarudi.

Na ukizidi kujinyima, mwili unajitetea. Mwaka 1944 na 1945 mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya, waliojitolea ili ijulikane namna ya kuwalisha walioteswa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walipewa kama nusu ya chakula walichozoea. Walipoteza karibu robo ya uzito. Lakini pia walihisi baridi kila wakati, walikuwa wepesi wa hasira, na mawazo yao yote yakawa ni chakula. Wako waliokusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma kama riwaya. Na walipofunguliwa, wapo waliokula bila ya kushiba.

Jambo kama hilo limeonekana karibuni. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza habari za watu 14 waliowahi kushindana kukonda katika kipindi cha televisheni. Miaka sita baada ya mashindano karibu wote walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao ilikuwa ikiunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Mwili ulikuwa bado unakumbuka ile njaa, unabana matumizi.

Kwa hivyo usimcheke aliyekonda akanenepa tena. Si ulegevu wa imani wala tamaa peke yake. Na Surat al-Hujurat imetukataza kudharauliana. Kuna watu wanaingizwa katika sumu hizi kwa maneno ya mzaha ya jamaa zao wenyewe kwenye sherehe za harusi. Kwetu Pwani nako kuna lake: ukinenepa waambiwa umependeza, ukikonda waulizwa una maradhi gani. Kijana atashika lipi?

NJIA YA KATI INAFANYA KAZI?

Hapa ndipo historia inapotupa furaha. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya utafiti mkubwa uliofanywa katika vituo 27 vya Marekani. Watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari waligawanywa mafungu. Fungu moja halikupewa dayati ya ajabu. Lengo lao lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki hata kilo 6. Kitu kidogo, si ndiyo? Lakini hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformini walipungukiwa na hatari hiyo kwa asilimia 31. Yaani kutembea na kula kwa kiasi kulishinda dawa!

Siku hizi kuna sindano za semaglutide, na madaktari wanazitumia kwa wagonjwa wanaozihitaji. Hiyo ni tiba yenye masharti yake, si bidhaa ya kununuliana vichochoroni. Nayo pia inatukumbusha lilelile: utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuiacha, watu walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya uzito walioupunguza.

Na usidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao. Uchunguzi wa afya wa kitaifa hapa Kenya ulionyesha kwamba mwaka 2008–09 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito unaofaa walikuwa asilimia 25. Mwaka 2014 wakawa asilimia 33. Mwaka 2022 wakafika asilimia 45. Mama zetu, shangazi zetu na dada zetu wamo katika hesabu hiyo. Kisukari na presha vimeshapiga hodi majumbani mwetu. Kwa hivyo sisemi tusipunguze mwili. Nasema tupunguze kama watu wenye akili: nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, basi.

TURUDI KWENYE FUTARI YETU

Haya, na Ramadhani je? Tafiti nyingi zimekusanywa, na kwa wastani mwenye kufunga hupungua kilo moja na kitu mwezi mzima, kisha nyingi hurudi ndani ya wiki chache. Ajabu, eh? Tunashinda na njaa siku thelathini, tunapata kilo moja! Sababu unaijua. Kaimati zilizozama kwenye shira, sambusa, bajia, viazi karai, mkate wa sinia, juisi yenye sukari vikombe vitatu, kisha biriani baada ya tarawehe. Upande mmoja wa msikiti mtu ameanguka kwa kujinyima, upande mwingine mtu hawezi kurukuu kwa shibe. Wote wawili wameivuka ile theluthi.

Basi nikupe nasaha chache, ndugu yangu, nami najinasihi nafsi yangu kwanza.

Usiache daku. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tule daku kwa kuwa ndani yake mna baraka, na hadithi hiyo ni ya Bukhari na Muslim. Kula kitu kinachokaa tumboni: maharagwe, yai, uji wa mtama, muhogo, na maji ya kutosha.

Futuru kwa tende na maji, uswali Maghrib, ndipo urudi mezani. Zile dakika chache zinalipa tumbo nafasi ya kujua kwamba limepata. Vya kukaangwa viwe kipande kimoja au viwili, si sahani. Mboga na mbaazi zijaze nafasi yao. Alivyosema Ibn Sina, vinavyojaza tumbo na lishe yake ndogo.

Kama msikiti hauko mbali na njia ni salama, nenda tarawehe kwa miguu.

Achana na chai za kukondesha. Nyingi ndani yake mna sanamaki. Sanamaki ni dawa inayojulikana tangu zama za Mtume (S.A.W.), lakini ni dawa ya choo kigumu. Inakuharisha, unapoteza maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji, na mafuta hayaguswi. Ukiichanganya na saumu ya saa kumi na tatu ndiyo yale yaliyompata mwenzangu.

Mwenye kisukari, mwenye mimba, anayenyonyesha au anayemeza dawa kila siku, amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Ruhusa ya kula imo ndani ya dini, hukuipata kwa mlango wa nyuma.

La mwisho, nia. Amali huhesabiwa kwa nia. Ukifunga ili suruali ikuingie siku ya Idd, pengine suruali itakuingia. Lakini Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kwamba yupo mfungaji ambaye hana alichopata katika funga yake ila njaa. Wale waliomfuata Banting walichukua orodha wakaiacha subra. Nasi tunaweza kuichukua njaa ya Ramadhani tukaiacha subra yake, na subra ndiyo iliyokuwa funga yenyewe.

Mwenzangu niliyemtaja amelipa siku zake saba, alhamdulillah. Alizifunga Jumatatu na Alhamisi, na daku akala. Sasa tunatembea pamoja jioni, mwendo wa nusu saa, tukizungumza. Amepungua kidogokidogo, hata hatukumbuki kumuuliza kilo ngapi. Mwaka huu, ukimwona mwenzako haamki daku, usimwonee wivu kama nilivyofanya mimi. Mgongee mlango.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) atutakabalie saumu zetu, atupe afya katika miili yetu na ikhlasi katika nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.